Zulia la Bossan Halimaliziki

Goshadepe, Mkoa wa Mary
Machi 2, 1971

Mkamwana wangu Bossan,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, tulia. Hajafa mtu. Najua huko Tejen mkiona bahasha kutoka huku mkoa wa Mary mnaanza kulia kabla ya kuifungua. Ni mimi tu, mama mkwe wako Tawus, mzima wa afya, mguu mmoja tu ndio unaniuma, na huo umeniuma tangu enzi za vita.

Nakuandikia kwa sababu sikujui. Ulikaa nyumbani kwangu baada ya harusi, ncha ya mtandio umeiuma kwa meno mbele yangu kama ada inavyomtaka bi harusi, wala hukunitamkia neno. Nikiuliza chai imeiva, unatikisa kichwa. Nikiuliza umeshiba, unatikisa kichwa. Nikasema moyoni, jamani, nimeozesha mwanangu au nimenunua saa ya ukutani? Kisha mumeo Pirli akaitwa jeshini, nasi tukakurudisha kwa mama yako ukafume zulia lako, kama ada inavyotaka bi harusi akae kwao mpaka alimalize. Mpaka leo sijui sauti yako ni nene au nyembamba. Basi karatasi haina mdomo. Niandikie, hakuna atakayesema umevunja ada.

Pirli anamaliza jeshi vuli hii, pamba ikishavunwa. Nataka akivuka kizingiti akukute humu ndani unamimina chai. Kwa hiyo zulia liwe limekatwa kabla ya hapo. Siku likishuka tu kwenye kitanda cha mfumi, mniletee habari, nami nakuja na wanawake wangu na vigelegele kukuchukua moja kwa moja.

Mimi kufuma sijui, nakwambia mapema usije ukaambiwa na majirani. Mimi ni mtu wa pamba, kiongozi wa kikosi, mikono yangu imezoea jembe na kugombeza watu. Ila zulia la mkono wa mama yako niliwahi kukutana nalo kwenye harusi moja huko kwenu. Nilivua viatu, nikaona haitoshi, nikavua na soksi. Msalimie sana Amanbibi. Mwambie mtoto aliyefundishwa na yeye sina wasiwasi naye.

Wako,
Tawus


Akyap, Tejen
Machi 24, 1971

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mtandio ukiwa mdomoni, mazoea hayana tiba. Nikamsomea mama, akacheka pale pa soksi hadi akashika mbavu. Anakusalimu sana na anasema mguu huo ukandwe kwa mafuta ya mkia wa kondoo, yakiwa ya moto.

Sauti yangu ni nene, Mama. Shuleni walikuwa wakinitania kwamba nikiimba, ngamia dume huitikia. Kwa hiyo huenda ada imekuokoa.

Zulia linakwenda. Mama alitaka liwe pana, la wanawake wawili kukaa bega kwa bega, maana anasema zulia jembamba ni la mtu aliyekosa marafiki. Sasa limefika safu ya tatu ya maua. Lakini kazi ni nyingi, Mama. Kondoo bado hawajakatwa manyoya, na mashamba ya ushirika yametuita kusafisha mifereji. Sipendi kukuahidi vuli halafu nikakuaibisha. Zulia zuri halikimbizwi.

Mama hajambo. Macho tu yanamsumbua kidogo kwa vumbi.

Kwa Durdy, shemeji yangu mdogo, salamu. Na Pirli akiandika, mwambie tunamwombea.

Binti yako,
Bossan


Goshadepe
Juni 5, 1971

Bossan,

Sitaanza na salamu, nitaanza na Ogulsapar. Unamjua Ogulsapar jirani yangu, yule ambaye ukimwambia siri asubuhi, mchana unaisikia sokoni. Alikwenda Tejen kwenye harusi ya mpwa wake, akapita kwenu kunywa chai. Amerudi jana. Hakuweka hata mzigo chini. "Tawus dada yangu, kaa kitako. Zulia la mkamwana wako liko palepale. Safu ya tatu ya maua. Nimehesabu." Nikamwambia, wewe ukianza kuhesabu vya watu hata kaburini utahesabu funza.

Machi uliniambia safu ya tatu. Sasa ni Juni, bado safu ya tatu. Bossan, hata mimi nisiyejua kufuma najua kwamba sufu hairudi nyuma yenyewe. Huku wameshaanza kuimba: zulia la Bossan halimaliziki, zulia la Bossan halimaliziki. Wanawake wa kikosi changu, wananiimbia mimi, nikiwa nimebeba jembe!

Kila mtu anajua maana ya bi harusi anayechelewesha zulia. Maana yake ni hamtaki aliyemwoa. Sema basi. Mwanangu ana kasoro gani? Masikio? Masikio ni makubwa, sikatai, ni ya baba yake, na baba yake niliishi naye vizuri mpaka Mungu alipomchukua. Ana hasira? Hana, hasira zote za nyumba hii ninazo mimi. Kama moyo wako hauko kwake, niambie mwezi huu huu. Nitakuja na wazee, tutaachana kwa heshima, kila mtu ashike njia yake. Lakini usimweke mtoto wa watu jeshini anahesabu siku za kurudi kwa mke ambaye hayupo.

Hii usimsomee mama yako.

Tawus


Akyap
Juni 14, 1971

Mama,

Mwanao namtaka. Naandika hivi waziwazi na uso unaniwaka moto. Namtaka, na masikio yake nayataka.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Mama yangu haoni. Si vumbi. Lilianza jicho moja baridi ya mwaka juzi, likafuata la pili. Tulikwenda kwa daktari mjini, akasema presha imeua mshipa ndani ya jicho na tumechelewa, hakuna dawa. Tukarudi nyumbani, mama akavua koti, akasema, "Haya, tuchemshe maji." Tangu siku ile hatujalitaja tena. Anajifanya anaona, nami najifanya sijui. Ogulsapar alikaa naye muda wote ule asigundue, maana mama alimtambua kwa kikohozi mlangoni, na chai aliimimina kwa kuweka kidole ukingoni mwa bakuli.

Ninayechelewesha zulia ni mimi. Nafunga mafundo polepole kama mtu anayesinzia, na mara nyingine nafumua nilichofunga. Nikilikata, mtakuja na vigelegele kunichukua, na nyumba hii atabaki nani? Baba alishakufa. Dada zangu wawili wameolewa mbali, Dashoguz. Ami yupo hapa kijijini, lakini mkewe alishasema mbele ya watu, "Kipofu ni mdomo usio na mikono." Mama alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Kesho yake aliingia kwenye zulia.

Ndiyo, Mama, anafuma. Mimi asubuhi naenda kupalilia pamba, nikirudi nakuta safu mpya. Nikifumua, kesho anaziongeza. Uzi mweupe anaujua kwa ulaini. Mweusi anaujua kwa kukatikakatika, kwa sababu dawa ya chuma inayotiwa kwenye rangi inaila sufu. Mwekundu anaunusa, mizizi ile ya rangi haimpotei. Mafundo yake yamebana kuliko yangu, mimi mwenye macho yote mawili. Ila nili na kijani kwenye vidole ni kitu kimoja. Anajua kwa mahali nilipoliacha bonge la uzi tu, na wiki iliyopita paka alicheza na mabonge.

Sasa kuna ua moja katikati ya safu limegeuka. Robo zinazotakiwa kuwa nili ni kijani, na za kijani ni nili. Unajua maua yetu ya Kiteke, ya kabila letu, kila ua lina robo nne na rangi zake zinakwenda kwa mshazari, mtoto mdogo analiona kosa akiwa mlangoni. Nikilifumua, atapapasa na kujua kwamba alikosea. Nikiliacha, siku ya kupokewa kwangu utalitandika mbele ya wageni na watasema, bi harusi gani huyu asiyejua ua la kabila lake?

Yeye analimaliza ili niondoke, mimi nalichelewesha nisiondoke. Tumekaa bega kwa bega kwenye zulia moja tunapigana kimyakimya.

Nikija kwako, namwacha gizani peke yake. Nikibaki, nampoteza Pirli. Nimeshafikiri mpaka kichwa kinauma. Kama utakuja na wazee, njoo tu, sitakulaumu.

Bossan


Goshadepe
Juni 22, 1971

Mwanangu,

Lile ua usiliguse.

Barua yako niliisomea shambani, chini ya lori la pamba, kwenye kivuli. Ogulsapar akaniona nalia, akauliza nani amekufa. Nikamwambia amekufa mtu anayeniimbia nyimbo, na wengine wanafuata.

Nina hasira nawe. Mficha uchi hazai. Ungeniambia Machi, nisingekuandikia yale ya Juni, na sasa yananichoma kila nikiyakumbuka. Mkwe hufichwa aibu, hafichwi shida. Haya, yamepita.

Nakuja baada ya mavuno ya ngano. Mama yako mwambie nakuja kuona zulia, basi. Asijue kwamba najua. Na usinichinjie kitu, kondoo wala kuku. Nitakula mlichonacho.

Tawus


Akyap
Julai 19, 1971

Mama,

Natumaini ulifika salama na tikiti tulilokufungia halikupasukia ndani ya treni.

Tangu uondoke sijapata usingizi mzuri, kwa sababu mlipokuwa mnazungumza mimi nilikuwa nikiingia na kutoka na chai, mtandio mdomoni, nikisikia vipande tu. Nilisikia mkicheka. Nilikuona umekaa kwenye zulia, umeshika chanuo la kupigilia, unapigilia kama unavunja mawe. Mama akapitisha kiganja juu ya safu yako, nikamsikia akisema: "Nani amekufundisha? Hii si safu, hii ni njia ya ng'ombe." Nawe ukasema, "Ndiyo maana nataka uje kwangu unifundishe. Chumba kipo. Durdy ataoa, atahitaji zulia, na humo ndani hakuna hata mtu mmoja anayejua kutanda nyuzi za zulia." Nilisimama nyuma ya mlango na birika linaniunguza mkono, nikisema, ee Mola, akubali.

Kisha sauti ya mama, ile ya baridi. "Tawus, mimi ni kipofu, si mjinga. Mama wa bi harusi hali mkate wa mkwe wake. Leo watanikaribisha, kesho binti yangu ataambiwa amekuja na mzigo wake wa mifupa. Kunywa chai yako."

Ulipoondoka aliniita. Akasema, "Mkweo mtu mwema. Hajui kupigilia, lakini mtu mwema." Halafu akakaa kwenye zulia na hakuinuka mpaka jioni. Mimi sifumui tena, sina uso wa kufumua. Tumefika safu ya sita. Zimebaki mbili na pindo.

Mama, mikono yake inakimbia. Sijawahi kumwona akifuma kwa kasi hiyo hata alipokuwa anaona.

Bossan


Akyap
Oktoba 11, 1971

Kwa Tawus wa Goshadepe,

Maneno ni yangu mimi Amanbibi, mkono ni wa mwalimu Jumageldi wa hapa shuleni. Nimemwapisha asimwambie binti yangu.

Zulia limekwisha. Ijumaa ijayo nitalikata mwenyewe, nimewaalika wanawake wa hapa, kutakuwa na mikate na peremende. Njoo umchukue Bossan. Nasikia mwanao yuko njiani. Usichelewe, na usisikilize machozi yake, atalia, hata mimi nililia.

Anadhani sikujua kwamba alikuwa anafumua. Vidole vyangu vinahesabu, Tawus. Nilijua kila asubuhi. Nilimwacha kwa sababu nilitaka naye apate siku chache zaidi za kuwa mtoto. Na mimi nipate siku chache zaidi za kuwa naye, tuseme ukweli wote. Ila siku zimetosha.

Lile ua lililogeuka najua pia. Mkono wake ulisimama pale, pumzi ikasimama, nikajua nimeharibu. Alivyoliacha bila kunifedhehesha, nilishukuru Mungu kwa binti niliyempata. Wageni wakiuliza, sema ni kosa la mama yake, usiache walitie jina lake.

Kuhusu mimi usijisumbue. Nina mkono wa kumimina chai na jirani anayepita. Kipofu si mfu.

Ulipiga safu yako kama njia ya ng'ombe lakini sikuifumua. Imo humo.

Amanbibi


Goshadepe
Novemba 8, 1971

Bossan mwanangu,

Ijumaa ya kukata zulia ilipita, siku zikaja zikapita, na mimi sikuonekana na wanawake wangu. Najua mmekaa mkisikiliza kila mlio wa gari. Najua mama yako amesema, "Umeona? Wamebadili nia, kwa sababu yangu." Mshike mkono umwambie hapana. Nilikuwa namngoja Pirli. Jambo hili halikuwa langu peke yangu kuliamua.

Alishuka Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba, mwembamba kama ufito, anakula tu. Nilimwacha ale. Siku ya pili nikamweka chini nikamsimulia kila kitu, tangu paka mpaka ua. Nikamwambia, "Ada inasema bi harusi aje kwa mume. Mama yake hawezi kuja naye, amekataa, na kwa hasira zangu zote siwezi kumlazimisha mwanamke yule kitu. Na mimi siwezi kumng'oa mtoto kwa mama kipofu halafu nikalala usingizi. Wewe mwenzangu unaonaje?"

Akajikuna kichwa. Akasema, "Shamba la ushirika la Akyap linatafuta dereva wa trekta, Mama. Kuna mtu wa huko tulikuwa naye jeshini, alinieleza." Kumbe nilipokuwa nazungumza alishafika kwenye wazo hilo kabla yangu, ila alikuwa anaogopa kunivunja moyo. Kisha akasema, "Lakini watu watasema nimeolewa."

Nikamwambia, "Waache waseme. Umeolewa."

Basi anakuja kwenu. Anakuja kukaa. Kazi ameshaandikiwa. Hapa nabaki na Durdy, mtoto wa mwisho ndiye wa kukaa na mama kwa ada yetu, hilo hatujalivunja. Ogulsapar ameshatunga wimbo mpya wa mkwe aliyehamia kwa mkewe, na wimbo wenyewe hata vina hauna. Nimemsikia akiimba nikasimama mbele yake, nikauimba pamoja naye kwa sauti kubwa mpaka mwisho. Ameacha.

Usidhani nimefurahi, sitaki kukudanganya. Nilimngoja mtoto wangu miaka miwili na nimekaa naye wiki moja. Jana nilikuwa napanga nguo zake, nikamkuta Durdy amesimama mlangoni ananitazama, nikamfukuza ili nilie vizuri. Nimelia kwa wivu. Mwanamke wa Tejen ambaye sijakunywa naye chai mara tatu ndiye atakayesikia hatua za mwanangu kila jioni. Lakini naujua uchungu wa kuachwa na mtoto, nao mama yako angeubeba gizani. Mimi angalau nina macho, na nina nauli ya treni.

Mama yako ataanza kelele, namjua sasa. Atasema hali mkate wa mkwe. Mwambie sawa, na asile. Mkwe ndiye atakayekula mkate wake. Nyumba ni yake, tanuri ni lake, na anayekuja ana njaa ya miaka miwili. Nione kama atamfukuza mtoto mwenye njaa mlangoni kwake.

Zulia lisiletwe huku. Litandikeni chumbani mwenu, mlale juu yake, lizeeke.

Treni inafika Tejen Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi. Nenda na mama yako, usimwache nyumbani hata akigoma, mvalishe joho lake zuri. Msisimame pembeni kama watu wenye aibu. Simameni katikati ya stesheni. Pirli hajapata kuonwa naye vizuri, siku ya harusi macho yalikuwa yameshaanza kufa. Nimemwambia mwanangu akishuka asitoe hotuba. Aende moja kwa moja mpaka mbele ya mama yako, ainame, na abaki ameinama mpaka mikono yake itakapomaliza kumtazama.

Mama yako mwingine,
Tawus